Kilichochongwa Ukingoni mwa Medali ya Daktari

Medali ya Afrika iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1902 ni kipande cha fedha kinachoenea kiganjani. Upande mmoja una kichwa cha mfalme. Upande wa pili amesimama Britannia, yule mwanamke anayewakilisha dola ya Uingereza, simba kando yake na jua likichomoza mbele yake, na chini limeandikwa neno AFRICA. Utepe wake ni wa manjano, una kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani. Asiyezoea medali huvutwa kwanza na uso wa mfalme, lakini mkusanyaji mzoefu huigeuza ubavu asome ukingo, kwa kuwa hapo ndipo palipochongwa cheo, jina na kikosi cha aliyepewa. Kisha hupandisha macho kwenye pau nyembamba iliyopachikwa juu ya utepe, inayotaja vita alivyokwenda mtu huyo. Pau ziko za aina zaidi ya 40, na medali hii haikutolewa kamwe bila pau. Kwa hiyo hakuna aliyeipata kwa sababu tu ya kuishi au kufanya kazi Afrika. Kila aliyeipata alikuwa katika msafara fulani wa kijeshi, mwaka fulani, dhidi ya watu fulani.

Wapo wakusanyaji, wengi wao Uingereza, waliochagua kutafuta medali za madaktari peke yake: wa Royal Army Medical Corps, kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza kilichoundwa mwaka 1898, wa Indian Medical Service, na waliofuatana na askari wa King's African Rifles, wale ambao wazee wetu waliwaita Keya. Sababu yao inaeleweka. Daktari wa jeshi alikwenda vitani kuokoa, si kuua, na baadhi yao walikuwa na ujasiri usio wa kawaida. Msalaba wa Victoria ndio nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na tangu ulipoanzishwa mwaka 1856 ni watu 3 tu walioupata mara 2. Wawili kati yao walikuwa madaktari, Arthur Martin-Leake na Noel Chavasse. Martin-Leake aliupata wa kwanza Afrika Kusini mwaka 1902, katika vita vya Makaburu, kwa kuwahudumia majeruhi chini ya risasi. Mkusanyaji anayewaenzi watu wa namna hiyo huamini kwamba ameshika upande safi wa historia ya ukoloni. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Medali ya vita aliyopewa daktari inashuhudia vita, haishuhudii tiba. Na kwa kuwa ni shahidi wa vita, sisi tulioko huku vita vilikopiganwa tuna sababu ya kuijali kuliko tunavyodhani.

Pau moja yatosha kuonyesha ninachosema. Katika hizo za Medali ya Afrika imo iliyoandikwa NANDI 1905-06. Wanandi walikuwa wamepambana na Waingereza kwa miaka kumi hivi, wakiilinda nchi yao isikatwe na reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao wa kiroho, Orkoiyot Koitalel arap Samoei, alipigwa risasi na ofisa Richard Meinertzhagen katika mkutano uliotajwa kuwa wa mapatano. Msafara wa kijeshi uliofuata uliua mamia ya watu, ukachoma nyumba, ukachukua maelfu ya ng'ombe, na mwishowe Wanandi wakahamishwa mbali na njia ya reli. Madaktari wa kikosi walikuwamo katika msafara huo, wakitibu majeraha ya mishale na mikuki, na homa. Pau waliyopewa ni ileile waliyopewa waliofyatua bunduki. Sisemi kwamba daktari aliua, na sina haki ya kumshtaki mtu kwa jina lililochongwa kwenye fedha. Lakini kikosi kilichofuatana na daktari kiliweza kukaa porini miezi badala ya wiki, kwa kuwa majeruhi wake walirudi mstarini na homa haikukifuta. Jeshi lililijua hilo, ndiyo maana likamhesabu daktari kuwa sehemu ya msafara na kumpa medali ya msafara.

Mtetezi wa madaktari atasema hapa kwamba nimeacha jambo kubwa. Madaktari haohao wa jeshi ndio waliotuletea elimu ya mbung'o na malale, na watoto wetu wanaishi kwa sababu ya elimu hiyo. Hoja hii ina uzito, na mfano wake bora ni David Bruce. Akiwa daktari wa jeshi huko Zululand miaka ya 1894 na 1895, Bruce alimgundua mdudu wa damu anayewaua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana na kuonyesha kwamba mbung'o ndiye anayemsambaza. Mwaka 1903 alifika Entebbe, malale yakiwa yanafyeka watu kandokando ya Ziwa Viktoria, na tume yake ikausaidia ulimwengu kuelewa kwamba mbung'o ndiye anayeubeba ugonjwa huo pia. Kati ya safari hizo mbili Bruce alikuwa ndani ya mji wa Ladysmith uliozingirwa na Makaburu, akiendesha hospitali, na mkewe Mary akiuguza wagonjwa pamoja naye. Sasa tuangalie alichotuzwa kwa kila kazi. Kwa uuguzi wake Ladysmith, Mary alipewa nishani ya Royal Red Cross. Kwa mchango wake wa sayansi, Bruce alipewa cheo cha Sir mwaka 1908, na vyama vya wanasayansi vikamheshimu kwa njia zao. Medali ya vita haikuwa na pau ya mbung'o. Anayetaka kuenzi tiba ana mahali pengi pa kuitafuta: maandiko ya kisayansi, daftari za hospitali, ramani za ugonjwa. Akishika medali ya vita ameshika hesabu ya jeshi, na haifai kuisomea humo habari ambazo jeshi halikuziandika.

Lakini hesabu hiyo ya jeshi ina utajiri wake, na hakuna mahali inapodhihirika zaidi kuliko katika Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki. Medali ya kawaida ya vita vile, British War Medal, ilitolewa kwa mamilioni. Ni ya fedha, na mgongoni ina mpanda farasi aliye uchi akiikanyaga ngao ya tai wa Prussia. Haina pau inayotaja uwanja wa vita, hivyo ya daktari aliyekuwa Ufaransa haina tofauti kwa macho na ya aliyekuwa Morogoro. Mkusanyaji hulazimika kulifuata jina la ukingoni hadi kwenye kadi za medali zilizohifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, na kutoka hapo hadi kwenye shajara za vikosi. Anayefuata njia hiyo hadi Afrika Mashariki hukutana na vita ambavyo adui mkubwa alikuwa ugonjwa. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kiliingia mapema mwaka 1916 kikiwa na watu 1,135. Kufikia Oktoba waliobaki na afya ya kupigana walikuwa 116. Malaria na kuhara damu viliondoa watu wengi mno kuliko risasi. Mbung'o nao waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota, na wanyama walipokwisha mizigo ikahamia vichwani mwa watu.

Hapo ndipo habari ya daktari inapogeuka kuwa habari ya mpagazi. Waingereza waliandikisha, mara nyingi kwa nguvu, mamia ya maelfu ya wanaume wa Kenya, Uganda, Nyasaland na sehemu za Tanganyika walizokwisha kuzitwaa, wawe wachukuzi wa kile kilichoitwa Carrier Corps. Jina hilo lingali linatamkwa kila siku katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Inakadiriwa kwamba wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa, na wapo wanahistoria wanaosema idadi hiyo ilizidi 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Watu waliozoea ndizi, mtama au viazi walilishwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka bila maji ya kutosha, matumbo yakaharibika, na kuhara damu kukamalizia. Baadhi ya madaktari waliliona hilo mapema, wakalalamikia chakula, wakadai unga usagwe vizuri, upikwe muda mrefu na wapishi wawe maalumu, na wakataka blanketi na hospitali za wapagazi wenyewe. Wapagazi walipobadilishiwa chakula, vifo vilipungua. Kwangu mimi hii ndiyo heshima halisi ya daktari wa jeshi katika vita vile. Ilikuwa kazi ya kubishana na makarani wa chakula na makamanda waliotaka mizigo ifike mbele kwa gharama yoyote, na hakuna pau ya fedha iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Wala daktari hakufanya kazi peke yake, ingawa ukingo wa medali yake una jina lake peke yake. Walikuwapo Wahindi waliobeba cheo cha daktari msaidizi mdogo, ambao mara nyingi ndio walioendesha hospitali za porini wakati ofisa Mzungu mmoja alipopewa eneo lisilofikika. Walikuwapo madresa Waafrika waliofunga vidonda na kugawa kwinini, na wachukuzi wa machela waliotembea siku nzima na mgonjwa mabegani. Uganda ilikwenda hatua zaidi. Mwaka 1917 kiliundwa kikosi cha tiba cha Waafrika chini ya daktari G. J. Keane. Vijana wake walitoka hasa katika shule za misheni. Walijua kusoma na kuandika, wakafundishwa uuguzi na kupelekwa kwenye hospitali za wapagazi. Mwaka 1920 Keane na mwenzake D. G. Tomblings, ambaye baadaye aliongoza Makerere, walitoa kitabu kifupi kuhusu kikosi hicho. Uzoefu wa vijana wale ulisaidia kuzaa wazo la kuwafundisha Waafrika utabibu huko Mulago miaka ya 1920, na kutoka hapo kikaja kizazi cha kwanza cha madaktari wa eneo letu. Mkusanyaji anayeandika historia ya medali ya ofisa wa Carrier Corps bila kuwataja watu hawa ameandika nusu ya ukurasa.

Kuna pengo lingine baya zaidi, nalo ni la majina. Askari wa Keya alipopewa medali, namba na jina lake vilichongwa ukingoni kama vya mwingine yeyote. Katika hilo jeshi la Uingereza lilikuwa makini. Maelfu ya wapagazi hawakuwa na ukingo wa kuchongwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika utumishi wa dola ile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri. Afrika Kusini, serikali ilikataa kuwagawia wanaume weusi wa kikosi chake cha vibarua medali ya vita waliyostahili. Nikiweka mambo haya kando ya medali ya kapteni mmoja wa Royal Army Medical Corps, iliyochongwa kwa herufi safi na kuhifadhiwa kwenye kisanduku miaka 100, siwezi kuiona kuwa pambo la ukoo wake tu. Humpa mtafiti mtu mmoja wa hakika katika mahali ambapo maelfu wamepotea. Ukijua kapteni yule alikuwa hospitali gani, mwezi gani, unaweza kuanza kuuliza ni akina nani waliolazwa humo, walitoka wilaya gani, na walizikwa wapi.

Upande wa Wajerumani ni mgumu zaidi kwa mtafiti. Medali ya kumbukumbu ya makoloni iliyoanzishwa na Kaisari Wilhelm II mwaka 1912 ilikuwa na pau ya Deutsch-Ostafrika 1905/07, yaani Vita vya Maji Maji. Jina la aliyepewa halikuchongwa. Medali ya daktari wa jeshi la Kijerumani ikishatengana na cheti chake haiwezi kujieleza, na pau yake inataja bila haya vita ambavyo jeshi lilichoma mashamba na maghala kusini mwa Tanganyika hadi njaa ikaua watu wengi kuliko silaha. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufika 300,000. Miaka michache baadaye, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, madaktari wa jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck walionyesha ufundi wa kustaajabisha: walitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti iliyopandwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, na bandeji kutokana na magome ya miti mingine. Hata hivyo mmoja wao, Ludwig Deppe, aliyewahi kuongoza hospitali ya Tanga, ndiye aliyeandika baada ya vita kwamba jeshi lao liliacha nyuma yake mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa, na njaa iliyokuwa inakuja. Maneno ya daktari huyo yana thamani kwetu kuliko nishani yoyote aliyovaa, na anayehifadhi vitu vya madaktari wa Kijerumani bila kuhifadhi maneno ya Deppe hajui alichonacho.

Pau ya mwisho ya Medali ya Afrika haiko mbali na wakati wetu. Imeandikwa KENYA tu, na ilitolewa kwa waliohudumu kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956, wakati wa vita vya Mau Mau. Uso ulioko kwenye medali hizo ni wa Malkia Elizabeth II. Madaktari wa jeshi waliokuwa Kenya miaka hiyo waliipata pamoja na wapiganaji. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso waliyofanyiwa katika kipindi hicho, na waziri akaeleza masikitiko yake bungeni. Wapo Wakenya walio hai leo wanaokumbuka kambi za vizuizi. Pau hii inatuzuia kuzitazama medali hizi zote kama mambo ya kale yaliyopoa.

Msomaji anaweza kuniuliza kwa nini basi tusiwaachie Waingereza medali zao. Kama ni za wavamizi, tuzitakie nini? Naelewa hasira iliyomo katika swali hilo. Mafuvu ya wazee wetu yaliyopelekwa Ulaya ni mali yetu na yanapaswa kurudi, kama fuvu la Mtwa Mkwawa lilivyorudi Uhehe mwaka 1954. Fimbo za Koitalel nazo zilirudishwa Kenya mwaka 2006. Medali za madaktari si za aina hiyo; zilitengenezwa na dola ile kwa ajili ya watu wake, na sidai zirudishwe. Ninachodai ni habari zilizomo. Nyaraka za wakoloni tunazisoma Tanzania, Kenya na Uganda bila kuona aibu, kwa sababu ndani yake mna habari za watu wetu. Medali yenye jina ni waraka wa chuma. Tukiiachia wengine waisome, wataisoma kwa macho yao, na kuandika kwamba kapteni fulani alihudumu kwa uaminifu katika operesheni za Nandi, na habari itaishia hapo.

Pingamizi la pili linahusu biashara. Nadhani hili lina nguvu zaidi, na sitaki kulipuuza. Medali zina bei, na bei huharibu. Mwaka 2009 medali za Chavasse ziliuzwa na chuo kimoja cha Oxford kwa karibu pauni milioni 1.5. Penye fedha ya namna hiyo, hata katika ngazi za chini zaidi, hawakosi wanaokwangua jina ukingoni na kuchonga la daktari au la shujaa ili bei ipande, wala wanaoongeza pau ambayo mtu hakupewa. Ndiyo maana wanunuzi makini hupima unene wa ukingo kwa kifaa na kulinganisha pau na orodha za jeshi. Warithi hugawana medali za babu, mmoja akachukua ya Afrika, mwingine ya vita vikuu, na habari ya maisha ya mtu ikakatika vipande. Hata hivyo soko hilohilo lilizuia maangamizi makubwa zaidi. Bei ya fedha ilipopanda kupita kiasi mwanzoni mwa mwaka 1980, British War Medal nyingi ziliyeyushwa, kwa sababu kila moja ina karibu aunsi moja ya fedha na wakati huo uzito huo ulikuwa na bei kuliko jina. Zilizookoka ni zile ambazo mtu fulani aliamini jina lina thamani. Mkusanyaji ndiye mtu huyo, na kwa hilo namheshimu, hata ninapomkatalia tafsiri yake.

Kwa hiyo simwombi aache kukusanya. Namwomba abadilishe maelezo anayoyaweka pembeni mwa medali. Panapoandikwa Nandi, aandike pia jina la Koitalel na habari ya ardhi iliyochukuliwa. Panapoandikwa Carrier Corps, aandike hospitali, idadi ya waliolazwa pale inapojulikana, na majina ya madresa yakipatikana kwenye shajara. Apige picha ukingo na pau, na nakala azipeleke kwenye hifadhi za nyaraka za nchi husika, si kwenye chama chake peke yake. Upande wetu kuna kazi ambayo haihitaji kununua hata medali moja. Katalogi za minada ya London hutaja jina, kikosi na mara nyingi muhtasari wa utumishi. Kadi za Kew zipo, na shajara za vikosi zipo. Mwanafunzi wa historia wa Makerere, Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuchukua madaktari waliohudumia hospitali za wapagazi kati ya 1916 na 1918, akawapanga kwa mahali na mwezi, kisha akalinganisha orodha hiyo na kumbukumbu za wilaya walikotoka wapagazi. Kikosi cha Keane cha Uganda ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu vijana wake walijua kuandika, na baadhi ya wajukuu wao huenda bado wana barua ndani ya masanduku ya nyumbani.